Isaka Alikiita Kisima "Shiba": Maswali ya Wasomaji wa Bagamoyo Kuhusu Jina Beer-sheba

Katika toleo lililopita, tukieleza msemo wa Biblia "toka Dani mpaka Beer-sheba", yaani nchi yote ya Israeli toka kaskazini hadi mji wa Beer-sheba kusini, tuliandika kwa mkato kwamba Beer-sheba maana yake ni "kisima cha saba". Mkato ule umetuponza. Barua zimekuja, nyingi kutoka Bagamoyo, na karibu zote zina haki ya kulalamika. Tumechagua sita.

Biblia yangu, Mwanzo 26:33, inasema Isaka alikiita kile kisima Shiba, na ndipo mji ukaitwa Beer-sheba. Ninyi mnasema saba. Kwa Kiswahili ninachokijua mimi, shiba ni shiba: mifugo imekunywa, kiu imekatika. Kwa nini isiwe "kisima cha kushiba"?
*Msomaji, Magomeni, Bagamoyo*

Swali lako linaonekana la utani, kumbe ndilo lililotupa kazi kuliko yote.

Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti tupu. Jina la kisima katika mstari huo lina herufi nne: shini, beti, ayini, na he ya mwishoni. Herufi ya kwanza ina meno matatu yaliyosimama, na inabeba sauti mbili. Ukikuta nukta juu ya jino la kulia, unasoma "sh". Nukta ikiwa juu ya jino la kushoto, unasoma "s". Ukilisoma jina la kisima kwa "sh", neno ni la ukoo wa "saba" na "kuapa". Ukilisoma kwa "s", neno ni la ukoo wa kushiba. Tofauti nzima ni nukta moja, iko kulia au kushoto.

Waliosoma chuoni hati za Kiarabu wataona jambo hili kwa haraka zaidi. Andika sini, be, aini: umepata neno lililotupa "saba". Weka nukta tatu juu ya ile sini iwe shini: umepata neno lililotupa "shiba". Kiswahili kimeyachukua yote mawili kutoka Kiarabu, na yote mawili yana ndugu zake katika Kiebrania.

Lakini angalia jinsi ndugu hao walivyopishana. "Sh" ya Kiebrania kwa kawaida hugeuka "s" katika Kiarabu: *shalom* ni salamu, *sheva* ni saba, *shivim* ni sabini. Na ile "s" ya nukta ya kushoto hugeuka "sh": *esrim* ni ishirini, na *sava*, yaani kushiba, ni shiba. Kwa hiyo "Shiba" iliyoandikwa katika Biblia yako ni saba yetu, na shiba yetu sisi kwa Kiebrania hutamkwa *sava*. Sikio la Mswahili linapata msaada mkubwa katika lugha hii, ila hapa linakwenda nyumba ya jirani. (Kanuni hiyo ina watoro wake. Jua kwa Kiebrania ni *shemesh*, lililomo katika jina Beth-shemeshi. Kwa kanuni Kiarabu kingepaswa kuanza na "s", lakini wenyewe wanasema *shams*.)

Hata hivyo usione haya, maana umeteleza pamoja na mkubwa. Nukta za kulia na kushoto ziliwekwa na wanazuoni wa Kiyahudi, wale wa Tiberia wakiwa mashuhuri zaidi, kati ya karne ya 7 na ya 10 baada ya Kristo. Mtakatifu Yeronimo, aliyekuwa akitafsiri Agano la Kale kwa Kilatini mjini Bethlehemu mwishoni mwa karne ya 4, alikuwa na maandishi yasiyo na nukta. Alipofika Mwanzo 26:33 akasoma "s", na katika Biblia yake ya Kilatini kisima kikaitwa *Abundantia*: wingi, shibe. Waliotafsiri kwa Kigiriki kule Aleksandria karne kadhaa kabla yake walikuwa wamesoma "sh", wakaandika "kisima cha kiapo".

Sisi tunakwenda na hao waliotafsiri kwa Kigiriki. Mistari miwili tu nyuma, 26:31, Isaka na wageni wake wanaamka alfajiri wanaapiana, na kitenzi kilichotumika hapo ni cha mzizi uleule wa jina. Mwandishi anacheza na neno moja. Ukiweka kushiba, mchezo unakatika. Katika sura ya 21, Ibrahimu anapopapa mahali hapo jina hilohilo, hakuna aliyekula wala kushiba. Kuna hesabu ya saba na kuna kiapo. Na Waarabu wa kusini mwa Palestina mji huo wanauita Bir as-Sabaa, kwa "s", kama kanuni inavyodai. Jina lingekuwa limetoka katika kushiba, kwa Kiarabu tungetarajia "sh". Hoja hii ya mwisho haitoshi ikisimama peke yake, maana watu huweza kulitengeneza upya jina walilolirithi. Wengine husikia humo *sabu*, yaani simba au mnyama mkali, na kusema ni kisima cha simba. Ikiungana na zile mbili za kwanza, inatosha.

Shuleni tulifundishwa kwamba pale palikuwa na visima saba. Mchungaji anasema ni kisima cha kiapo. Ninyi mnasema kisima cha saba. Nani tumwamini?
*Msomaji, Dunda*

Mwalimu wako tunamkatalia kwa sarufi. "Visima saba" kwa Kiebrania ni *sheva be'erot*: hesabu hutangulia, na visima vinakuwa vingi. Katika jina letu kisima kimetangulia, ni kimoja, na saba imefuata. Walioshika wazo la visima saba waliwahi hata kuvitafuta. Mmarekani Edward Robinson, mtafiti wa majina ya kale, alipofika pale mwaka 1838 alikuta visima viwili vikubwa.

Na sisi wenyewe tumekosa, si kwa Kiebrania bali kwa Kiswahili. Mswahili akisikia "kisima cha saba" anaanza kuhesabu: cha kwanza, cha pili, mpaka afike cha saba. Kiebrania kina umbo jingine kabisa la kusema "-a saba" katika mpangilio, *shevi'i*, na halimo katika jina. Tulipaswa kuandika "kisima cha wale saba".

Wale saba ni akina nani? Soma Mwanzo 21 kuanzia mstari wa 25, polepole, kama unasoma hati ya kiwanja. Watumishi wa Abimeleki, mfalme wa Gerari, wamenyang'anya kisima. Ibrahimu analalamika; Abimeleki anasema hakuwa na habari. Ibrahimu anatoa kondoo na ng'ombe kwa ajili ya mapatano, halafu, mbali na hao, anatenga wana-kondoo wa kike saba na kuwasimamisha peke yao. Abimeleki anauliza hawa ni wa nini. Jibu: ukiwapokea mkononi mwangu, wanakuwa ushahidi kwamba kisima hiki nimekichimba mimi. Hao saba ni risiti. Ndipo mstari wa 31 unasema mahali pale pakaitwa Beer-sheba kwa kuwa wote wawili waliapa pale.

Kwa hiyo mchungaji wako yuko sahihi, nasi tuko sahihi nusu. Kwa Kiebrania saba ni *sheva*, kiapo ni *shevua*, na kitenzi cha kuapa, *nishba*, kimejengwa katika umbo la kitendo kinachomrudia mtendaji. Wengi wa wanaoijua lugha hiyo hukifasiri kuwa ni kujifunga kwa saba, kwa kuwa viapo vya kale vilifungwa kwa vitu saba, kama wana-kondoo wale. Swali la "saba au kiapo" linatuelemea sisi kwa sababu lugha yetu ina maneno mawili yasiyojuana. Aliyezaliwa katika lugha ile aliyasikia yote kwa mkupuo.

Nanyi watu wa Bagamoyo mnaijua hali hii nyumbani. "Bwaga moyo" kwa mpagazi aliyetoka Ujiji na mzigo begani ni kutua na kutulia, safari imekwisha. Kwa mtumwa anayesubiri chombo ni kuuacha moyo pwani. Maneno ni yaleyale, na "w" imedondoka njiani bila mtu kuitafuta. Ila msilinganishe kupita kiasi: Bagamoyo ina simulizi mbili zinazovutana, Beer-sheba ina maana mbili zilizozaliwa tumbo moja.

Je, huyu Malkia wa Sheba alitoka Beer-sheba?
*Mwanafunzi, Bagamoyo*

Hapana, hata kidogo. Sheba ya malkia (1 Wafalme 10) inaishia na herufi alefu. Sheba ya kisima inaishia na ayini. Alfabeti yetu haina hata moja kati ya hizo mbili, kwa hiyo kwa Kiswahili zimekuwa pacha. Nchi ya malkia ni ile iliyoko kusini mwa Uarabuni, ambayo sura ya 34 ya Qurani imeitwa kwa jina lake, Saba, nayo kwa Kiarabu inaishia na hamza, si aini.

Ukitaka ndugu wa kweli wa kisima watafute katika majina ya watu: Bathsheba, mama yake Sulemani, na Elisheba, mke wa Haruni (Kutoka 6:23), ambalo ndilo lililopitia Kigiriki na kufika kwetu kama Elizabeti. Kwa hiyo kila Eliza wa Bagamoyo amebeba kipande cha Beer-sheba.

Shikamoo mhariri. Nafundisha watoto Jumapili na sijui Kiebrania. Nifanyeje nijue maana ya jina la mahali bila kudanganywa na kila kitabu kidogo cha "maana za majina"?
*Mwalimu, Nianjema*

Marahaba, mwalimu. Neno hili la kuitikia utalikuta tena mwishoni mwa jibu.

Usianze na kitabu cha maana za majina. Vingi vya vitabu hivyo hunakili vyenzake na kuondoa mashaka njiani. Tafuta itifaki ya Biblia, yaani orodha ya maneno yake na mistari yalimo, yenye namba za Strong. Zipo programu za bure za simu zinazoonyesha namba hizo ukigusa neno. James Strong alilipatia kila neno la Kiebrania namba yake mwaka 1890, na faida yake kwako ni moja tu, lakini kubwa: namba haidanganywi na tahajia ya Kiswahili. Beer-sheba ni 884. Kisima, *be'er*, ni 875. Saba ni 7651, kuapa 7650, kushiba 7646. Shiba, kile kisima cha Isaka, ni 7656. Sheba ya malkia ni 7614. Kwa macho ya Kiswahili yanafanana. Kwa namba yako mbalimbali.

Ukishapata namba, ligawe jina. Mengi ya mahali yana kichwa cha kawaida: *beth* ni nyumba, *en* ni chemchemi, *be'er* ni kisima kilichochimbwa, *bor* ni shimo au birika la kuwekea maji ya mvua. Usichanganye hizo tatu za maji. En-gedi hakuna aliyeichimba; Beer-sheba kuna aliyetoka jasho, ndiyo maana umiliki wake ulifika kwenye viapo. Kichwa hiki cha *be'er* kimesafiri mbali: Beirut ya Lebanoni ni "visima".

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka. Soma kisa kinachotoa jina, halafu jiulize: mwandishi anaeleza neno limetoka wapi, au anacheza na mlio wake? Waandishi wa Biblia walipenda sana kucheza na mlio. Ukikuta "akapaita hivi, maana alisema hivi", una uhakika wa jinsi jina lilivyosikika kwao; asili ya neno bado unaidai. Andika mambo hayo mawili katika mistari miwili tofauti ya daftari.

Baada ya hapo ndipo ulete Kiswahili na Kiarabu, na ulete kwa kanuni. "Sh" kwa "s", "s" kwa "sh", na kuna njia ya tatu: "sh" ya Kiebrania inayokuwa "th" kwa Kiarabu, kama *shalosh* (tatu) iliyo jamaa ya thelathini yetu, na *shmone* (nane) iliyo jamaa ya themanini. Hata kanuni ikikubali, maana inaweza kuwa imehama. Bethlehemu ni "nyumba ya mkate" kwa Kiebrania. Mwarabu wa huko anasema Beit Lahm, na masikioni mwake *lahm* ni nyama. Mzizi ni mmoja, nao ulihusu chakula kikuu. Wakulima wakaubakisha kwenye mkate, wafugaji kwenye nyama. (Ile *beit* nayo mnayo: ndiyo "beti" ya shairi. Kwa Waarabu mshairi hujenga nyumba.)

Jaribu sasa na darasa lako, Mwanzo 26:20-22, visima vitatu alivyochimba Isaka kabla hajafika Beer-sheba. Cha kwanza Eseki, 6230: ugomvi, kwa kuwa wachungaji wa Gerari waligombania maji. Cha pili Sitna, 7856: uadui au mashtaka. Tazama namba za jirani, 7853 na 7854, utaona kitenzi cha kushtaki na jina Shetani. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi, 7344, kutoka mzizi wa upana na nafasi, 7337. Mzizi huo kwa Kiarabu ni r-h-b, ule uliomo katika *marhaba*: karibu, pana nafasi. Ndiyo marahaba tuliyokuitikia.

Mnazungumzia jina, sisi tunazungumzia maji. Kaole ukichimba sana maji yanakuwa ya chumvi. Hao jangwani walichimba kiasi gani, na kisima chenyewe kipo?
*Msomaji, Kaole*

Kipo kisima cha kale, ingawa hakuna aliyekuta jina la Ibrahimu limechongwa juu yake. Kilomita chache mashariki ya mji wa leo kuna kilima cha magofu kiitwacho Tel Beer Sheva. Chuo Kikuu cha Tel Aviv kilianza kukichimba mwaka 1969 chini ya Yohanan Aharoni. Walifukua mji mdogo wa zama za wafalme wa Yuda, kama hekta 1.1, yaani uwanja wa mpira na nusu hivi, wenye ukuta, barabara inayozunguka kwa ndani, maghala, na shimo kubwa la maji lenye ngazi za mawe. Mwaka 1973 walikuta mawe ya madhabahu yenye pembe nne yamejengewa ndani ya ukuta wa ghala. Kuna aliyeivunja madhabahu na kutumia mawe yake. Mji uliteketea mwishoni mwa karne ya 8 kabla ya Kristo, na wengi huuhusisha moto huo na vita vya Senakeribu, mfalme wa Ashuru, vya mwaka 701. Tangu 2005 kilima kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kisima kiko nje kidogo ya lango. Kina chake ni mita 69. Jengo la ghorofa ishirini na kitu lingezama humo. Umri wake wachimbaji wanaubishania, na haifai kumwambia mtoto kwamba ndicho hasa cha Mwanzo 21. Kinachoweza kusemwa bila woga ni kwamba mahali pale kisima hakikuwa kazi ya wiki moja. Mvua ya huko ni kama milimita 200 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho Aprili moja ya masika mazuri pwani yetu inaweza kukitoa. Mito yake miwili ya msimu inakutana chini ya kilima, inafurika siku chache za masika yao, kisha inabaki mchanga mkavu. Maji yamejificha chini sana. Ukiyafikia, hutaki kumwachia mtu, na Wafilisti waliotaka kumkomoa Isaka walijua pa kumgusa: walivijaza visima udongo (26:15).

Kaole shida yenu ni kinyume chake, na ingawa si habari ya majina, hatuwezi kuipita. Karibu na bahari maji baridi ya mvua yanaelea juu ya maji ya chumvi ndani ya ardhi, kwa sababu ya chumvi ni mazito zaidi. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inasimama juu ya mita 40 hivi za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Ndiyo kusema ukivuta maji mpaka kiwango kishuke nusu mita, mpaka wa chumvi chini yako unaweza kupanda mita 20. Mtu anaona maji yamepungua, anaongeza kina, anaukaribia zaidi mpaka uleule. Panua kisima badala ya kukizamisha, vuta kidogokidogo mara nyingi, na pampu isilale inafanya kazi usiku kucha.

Mwanzo 21:33 inasema Ibrahimu alipanda mkwaju Beer-sheba. Mkwaju jangwani unaota?
*Msomaji, Magomeni, Bagamoyo*

Umeuliza kama mkulima, na umepatia. Mkwaju wetu, huu wa ukwaju wa sharubati, ni mti wa nchi zenye joto na mvua ya kutosha. Mti wa Ibrahimu kwa Kiebrania ni *eshel*, nao ni mti mwingine kabisa: hauna majani mapana, una vitawi vyembamba vya kijivu vyenye magamba madogo, unavumilia chumvi na ukame, na asubuhi majani yake hulowa umande unaonasa kwenye chumvi iliyotoka ndani yake. Katika lugha za Ulaya jina la mti huo na jina la mkwaju yanaanza kwa mlio uleule, *tamarisk* na *tamarind*, na kwa maoni yetu hapo ndipo mkwaju ulipoingilia katika Biblia za Kiswahili. Jina la pili lenyewe ni la Kiarabu, *tamr hindi*, tende ya Kihindi. La kwanza halihusiani nalo.

Hapa ile njia ya tatu inafanya kazi: "sh" kwa "th". *Eshel* ya Kiebrania ni *athl* ya Kiarabu, mti uleule wa jangwani. Na *athl* inatajwa katika Qurani 34:16, katika sura ya Saba, pale bustani za watu wa Saba zilipobadilishwa zikawa miti ya matunda machungu na *athl* na kunazi kidogo. Katika tafsiri mojawapo ya Kiswahili inayosomwa sana, mfasiri ameiita mivinje. Si mti uleule, lakini amechagua kwa macho: mvinje nao una vitawi vyembamba vinavyoning'inia kama nywele, nao hauogopi mchanga wala upepo wa chumvi. Ukitaka kumwonyesha mtoto mti wa Ibrahimu ulikaaje, usimpeleke chini ya mkwaju. Mpeleke ufukweni.